Je, wajua kwa nini Adamu hakufa siku ile ile aliyokula tunda?

Onyo la Mungu katika Mwanzo 2:17 halikuwa na kona: siku utakapokula matunda ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya, "utakufa hakika". Adamu akala. Jua lilipopunga bado alikuwa hai, amejificha kati ya miti na mkewe. Baadaye akalima, akazaa, akazika, na Mwanzo 5:5 inamhesabia miaka 930 kabla ya kusema "akafa". Nyoka alikuwa amesema, "Hakika hamtakufa." Je, nyoka ndiye aliyesema kweli?

Jibu linalosikika zaidi mimbarani ni kwamba Adamu alikufa kiroho: alitengwa na Mungu siku ile ile, mwili ukafuata baadaye. Maandiko ya kulitetea hayakosekani. Paulo anawaambia Waefeso, watu wanaopumua, kwamba walikuwa "wafu" kwa sababu ya makosa na dhambi zao. Baba wa mwana mpotevu anasema mwanawe "alikuwa amekufa, naye amefufuka", na kijana hakuwa kaburini, alikuwa akichunga nguruwe. Yesu mwenyewe alisema, "Waache wafu wazike wafu wao." Ni dhahiri wale wa kwanza wangeweza kushika jembe.

Lakini jibu hilo likisimama peke yake halitoshi. Hukumu inayosomwa katika Mwanzo 3:19 inahusu mwili: u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi.

Wengine zamani walitumia hesabu. Kitabu cha Yubile, andiko la kale la Kiyahudi, na baadaye askofu Ireneo wa Lyon katika karne ya 2, walikumbusha kwamba kwa Mungu siku moja ni kama miaka elfu. Adamu alipungukiwa miaka 70 kuifikisha, basi alikufa ndani ya "siku" hiyo. Ni hesabu ya kupendeza, ila simulizi yenyewe haituelekezi huko.

Kinachonisaidia mimi zaidi ni kisa cha Shimei, yule aliyemlaani Daudi, katika 1 Wafalme 2. Mfalme Sulemani alimwamuru akae Yerusalemu, akamwonya kwamba siku atakayotoka na kuvuka kijito cha Kidroni, ajue hakika atakufa. Maneno yanafanana sana na yale ya Edeni. Ikapita miaka mitatu, watumwa wake wawili wakatorokea Gathi. Shimei akatandika punda wake, akaenda, akawarudisha. Hakuanguka njiani. Alifika hadi nyumbani. Habari zikamfikia mfalme, akaitwa, akasomewa kosa lake, ndipo Benaya, mtu wa mfalme, akamuua. Siku aliyotoka mjini ndiyo siku aliyojifunga hukumu ya kifo, hata kama upanga ulichelewa.

Ndivyo ninavyomsoma Adamu. Siku ile alifungiwa njia ya mti wa uzima, makerubi wakawekwa na upanga wa moto. Aliyetengwa na chanzo cha uhai ameanza kufa, roho na mwili pamoja, na miaka 930 ni muda tu wa jambo hilo kukamilika.

Kanisa liligombana kweli kuhusu hili. Celestio, mfuasi wa Pelagio, mwalimu aliyekana dhambi ya asili, alishtakiwa kwa kufundisha kwamba Adamu angekufa tu, atende dhambi asitende. Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulilaani fundisho hilo. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha 13 cha Mji wa Mungu, alieleza kwamba nafsi hufa ikiachwa na Mungu, na mwili hufa ukiachwa na nafsi. Kwake onyo la Edeni lilizibeba mauti zote, hata ile "mauti ya pili" ya Ufunuo.

Leo ubishi umehamia kwenye mifupa ya kale. Wanaokubali kwamba wanyama walikufa mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu husema Warumi 5:12, isemayo mauti iliingia kwa dhambi, inazungumzia kifo cha wanadamu, au cha kiroho. Wanaoamini dunia ni changa hawakubali kifo chochote cha mnyama kabla ya dhambi. Wasabato nao wana hoja yao kuhusu kifo chenyewe: wafu wamelala na hawajui neno lolote, kama Mhubiri 9:5 isemavyo.

Na si ubishi wa bure. Kama mshahara wa dhambi ungekuwa kifo cha kiroho tu, msalaba wenye damu na kaburi tupu vingehitajika kwa nini? Paulo anaziweka mauti ya Adamu na ufufuo wa Kristo kwenye mizani moja katika 1 Wakorintho 15, na huko anazungumzia miili.

Yohana 5 inazishika mauti zote mbili, ya kiroho na ya mwili, ndani ya mistari michache. Katika mstari wa 25 Yesu anasema saa inakuja, "na sasa ipo", wafu watakapoisikia sauti ya Mwana wa Mungu, na wale waisikiao watakuwa hai. Katika mstari wa 28 saa yaja tena, lakini safari hii wanaosikia ni "watu wote waliomo makaburini", na hasemi kwamba sasa ipo.