Chubwi la kupoteza ni lipi, na kwa nini mwambani usifunge jingine

Chubwi ni ule uzito unaofungwa kwenye mshipi ili chambo kizame kikae chini, basi. Wengi wanaliita risasi tu maana yale ya dukani ni ya madini ya risasi kweli. Kwenye mchanga halina shida, unarusha, unasubiri, unavuta linakuja. Kasheshe ni ukipanda mwambani, kama kule Mama Ngina Mombasa au kwenye mawe ya Coco Beach Dar, kwa sababu mwamba wa pwani yetu ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka jiwe, vishimo kila mahali na kingo zinakata kama wembe, na mara nyingi kinachotangulia kunasa wala si ndoana, ni chubwi, linaingia kwenye ufa halitoki ng'o.

Sasa chubwi la kupoteza ni lile unalolifunga ukijua kabisa litabaki huko. Unalitundika mwisho wa mshipi kwa kauzi kembamba kuliko mshipi wenyewe, tuseme mshipi ni wa paundi 40, yaani nguvu unayostahimili kabla ya kukatika, kauzi ka chubwi kawe ka paundi 10 au 12, urefu shibiri moja na nusu hivi, na ndoana inakaa juu yake pembeni. Likinasa unavuta, kauzi kanakatika, ndoana inarudi na kama kuna samaki anarudi naye. Wengi tunaanza kinyume, chubwi kwenye uzi mnene halafu ndoana kwenye mwembamba eti samaki asiuone, mimi nilienda hivyo muda mrefu sana na kila siku narudi nyumbani na kibao cha kuzungushia mshipi kikiwa kitupu. Ila angalia, kauzi kembamba hakapendi kurushwa kwa hasira, kanakatikia hewani na chubwi linakwenda peke yake, kwa hiyo rusha taratibu. Na ukivuta lililonasa usizungushe mshipi mkononi bana, nailoni inakata vidole, zungushia kijiti.

Kwa vile ni la kupoteza, kununua la nini? Nenda kwa fundi pikipiki uombe plagi mbovu, au nati kubwa, au okota jiwe lenye kiuno ulifunge. Kuyeyusha risasi kwenye jiko la nyumbani achana nako kabisa, ni sumu, na watoto ndo inawaumiza zaidi.

Kuna anayeuliza kwa nini mshipi wote usiwe mwembamba basi. Kwa sababu ya chewa. Huyo akishameza anakimbilia shimoni kwake na akiingia anatanua mapezi anajikaza humo, usipomtoa sekunde za mwanzo umeshampoteza, na uzi mwembamba unasagwa na jiwe fasta. Akishaingia legeza mshipi kabisa usubiri, wakati mwingine anatoka mwenyewe.

Chambo, kwangu mimi pweza, ni mgumu, vile visamaki vidogo vinadonoa vinachoka, wakati kamba ni mtamu kwa kila samaki lakini ndani ya dakika mbili unavuta ndoana nyeupe. Dagaa ukimtumia mfunge na uzi wa kushonea. Na namba za ndoana zisikuchanganye, namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, ukishapita namba 1 zinakuja 1/0, 2/0 ndo zinazidi kukua. Changu wa kawaida 4 au 2 inatosha. Ukivuta bunju akajivimbisha, huyo haliwi, mrudishe.

Maji yakianza kujaa ndo samaki wanasogea mwambani, ila siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda juu sana, jua njia yako ya kurudi kabla hujakaa. Na ukipoteza machubwi matatu mfululizo sehemu moja, hama, au toa chubwi kabisa, funga kipande cha kandambili kama boya, chambo kielee juu ya mawe.