Vipepeo wa jenasi ya Graphium na mimea wanayoitegemea

Graphium ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ya vipepeo wa nchi za joto iliyopewa jina hilo mwaka 1777 na mwanasayansi Giovanni Antonio Scopoli. Ina spishi zaidi ya 100 zilizoenea Afrika, Asia na Australia. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania wamo Graphium colonna na Graphium kirbyi, ambao mabawa yao meusi huishia kwa mikia miwili mirefu na myembamba kama panga. Si wote wenye mikia, kwani Graphium leonidas hana, naye amefanana mno na kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya hata ndege humwacha.

Wengi huamini kuwa kupanda maua kunatosha kuwahifadhi vipepeo, lakini maua humfaa aliyekwisha kuota mabawa tu. Viwavi wa jenasi hii hutegemea zaidi majani ya mimea ya jamii ya mstafeli na mtopetope, ukiwemo mtopetope mwitu pamoja na vichaka vitambaavyo vya msituni. Jike hutua juu ya jani na kuligonga kwa miguu yake ya mbele, ambayo ina uwezo wa kuonja, na asipopata ladha anayoitafuta huruka bila kutaga. Kiwavi naye akichokozwa hutoa nyuma ya kichwa tezi laini yenye matawi mawili, inayotoa harufu kali ya kuwafukuza maadui. Pupa wake, yaani hatua ya kutulia kabla kiwavi hajawa kipepeo, hufanana na jani kiasi kwamba mtu anaweza kumpita bila kumwona.

Kwa hiyo, pale vichaka hivyo vinapofyekwa, vipepeo hawa hutoweka hata kama maua yamejaa tele. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, katika pwani ya Kenya, wanalifahamu jambo hili vyema, kwa kuwa tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya nchi za nje, kazi isiyowezekana bila mimea ya kulishia viwavi. Kwa maoni yangu, huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba zetu. Anayesafisha mpaka wa shamba lake auache mtopetope mwitu usimame, na akiona majani yake yametafunwa asikimbilie dawa ya wadudu.