Mazoezi ya ngumi ukiwa peke yako: angalia vumbi

Mbukwenyi wadau. Wiki iliyopita dogo mmoja wa bodaboda hapa Nkuhungu kanifuata, ananiambia kocha mi kila siku napiga begi la ngumi mpaka mikono inakufa ganzi ila nikiingia sparingi, yaani kupigana na mwenzangu kwa mazoezi, nachapwa kama mtoto, shida nini? Nikamwambia begi achana nalo leo, pasha mwili halafu nipigie shedo, yaani ngumi za hewani bila mpinzani, raundi moja. Yeye anadhani namwangalia mikono, kumbe mi macho yote yako chini.

Sisi wa Dodoma tuna kitu ambacho wenye jimu za sementi hawana, vumbi. Asubuhi kabla upepo haujaamka chukua ufagio wa chelewa, fagia sehemu kama hatua nne kwa nne, chora mstari mmoja katikati. Mguu wa kushoto mbele uwe kushoto mwa mstari, wa kulia nyuma uwe kulia (mashoto mnageuza), usipange miguu yote juu ya mstari maana ukiguswa tu unayumba. Kisigino cha nyuma juu kidogo, magoti yasikaze. Weka taimeri dakika 3, pumzika 1, kama ngumi za ridhaa, alafu raundi nzima piga jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) na kutembea tu. Najua inaboa.

Raundi ikiisha usikimbilie maji, soma ulichoandika vumbini. Ukienda mbele mguu wa mbele ndio unaanza na wa nyuma unafuata umbali uleule, ukirudi wa nyuma ndio unaanza, ukienda kushoto wa kushoto, kulia wa kulia. Kwa hiyo nyayo zako zinatakiwa ziachane sawasawa popote ulipofika. Za yule dogo zilikuwa vituko, mguu wa mbele umeruka mbali, wa nyuma umeburuzwa umechimba mitaro miwili mirefu kama trekta limepita, yaani kila akirusha jebu anajitanua mwenyewe halafu hawezi kurudi, anabaki palepale anasubiri streti (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa nyuma) ya mwenzake. Hapo hata uwe na mkono wa chuma.

Raundi inayofuata ongeza streti ya kulia. Hapa tafuta alama ya mviringo pale unapokanyagia vidole vya mguu wa nyuma, kama umezima sigara. Ukiikuta ujue mguu umezunguka, kiuno kikafuata, bega, ngumi ikamalizia. Usipoikuta basi umepiga kwa mkono mtupu, na bega litakulaumu usiku.

Mikono sasa. Jua likishatoka lipe mgongo, kivuli kinalala mbele yako kirefu, kiwiko kikichomoka pembeni kama bawa la kuku unakiona palepale. Jebu inatoka kwenye shavu, ngumi inageuka mwishoni, bega linafunika kidevu, na inarudi kwa njia ileile iliyoendea, isishuke kifuani kwanza. Wengi wanajua kuitoa, kurudisha ndio hawawezi. Kidevu kikipenda kunyanyuka kunja soksi uibane nacho shingoni raundi nzima, ikianguka anza upya (safi jamani, sio ya jana).

Begi lije mwisho, raundi mbili tatu, bandeji zikiwa zimefungwa vizuri kwenye kiganja na kifundo. Silichukii, ila begi halirudishi ngumi, kila kosa linakusamehe.

Na mwezi wa saba kukiwa na baridi na upepo, ruka kamba vizuri kwanza, usianze na misuli ya barafu.

Jana dogo kanitumia picha, nikajua kapiga selfi, kumbe ni ardhi tupu. Mitaro imeisha. Akienda kulia bado anaanza na mguu wa kushoto, miguu inagongana, nimemwambia kesho afagie tena.