Kimea, uji na moto: jaribio la vimeng'enya jikoni

Wazazi waliozoea kuandaa uji wa mtoto kwa kimea cha ulezi wanajua kwamba kijiko kidogo cha unga huo, kikikorogwa kwenye uji mzito ulioepuliwa na kupoa kiasi, huulegeza kwa dakika chache bila kuongeza maji. Kinachofanya kazi hiyo ni amilesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) ambacho punje huwa nacho kwa wingi inapoota, ili wanga wake ugeuke sukari ya kulisha chipukizi. Wanakemia wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga mwaka 1833 kutoka kwenye kimea cha shayiri.

Ili kuona jinsi joto linavyoathiri kimeng'enya hiki, pika uji mzito wa mahindi usiotiwa chochote, kisha ugawe mafungu sita yaliyo sawa. Mafungu mawili yapoe hadi yawe baridi kwenye jokofu; mawili yakae katika vikombe ndani ya beseni la maji yenye nyuzijoto 60 hivi; mawili yabaki yakitokota katika sufuria mbili ndogo. Kipimajoto cha homa hakifai hapa, kwa kuwa huishia nyuzijoto 42, lakini maji yanayochemka yakichanganywa na maji ya bomba kwa kiasi sawa hukaribia nyuzijoto 60.

Katika kila jozi, fungu moja litiwe kijiko kidogo cha kimea, na la pili litiwe kipimo hicho hicho cha unga wa ulezi usiooteshwa. Wengi huiruka hatua hii, na matokeo yao huwapotosha: uji ukipoa hushikana wenyewe, hivyo ukilinganisha uji wa jokofuni na ule wa moto utadhani kimea ndicho kilicholeta tofauti. Linganisha kila fungu na pacha wake tu.

Baada ya robo saa, uji wa beseni uliotiwa kimea utamiminika karibu kama maziwa na kuwa na utamu kidogo, ilhali ule wa jokofuni utakuwa haujabadilika sana. Ule unaotokota huenda ukalegea kidogo mwanzoni, kisha ukabaki hapo hapo.

Sasa hamishia mafungu ya baridi na ya sufuriani kwenye beseni jipya la nyuzijoto 60. La jokofuni lenye kimea litaanza kulegea, kwa sababu baridi ilipunguza tu kasi ya molekuli kukutana. Lililotokota halitalegea zaidi, kwa kuwa kimeng'enya ni protini, na mchemko umeshaharibu umbo lake linaloshika na kukata minyororo ya wanga. Kulipoza hakurudishi umbo hilo.

Uji wa kimea utakaopewa mtoto urudishwe motoni uchemke upya kabla ya kunywewa, kwani punje zinazooteshwa kwenye unyevu hukaribisha vijidudu, na mchemko huo huo utaizuia amilesi isiendelee kuulegeza kupita kiasi.