Kupima Akili na Mahusiano ya Wazee: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mzee akipata alama chache katika kipimo cha kumbukumbu, basi ana dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Vipimo vifupi kama MMSE cha mwaka 1975 na MoCA cha mwaka 2005, kila kimoja kikiwa na alama 30, viliundwa ili kubaini nani anahitaji uchunguzi zaidi, wala havithibitishi ugonjwa. Alama zaweza kushuka kwa sababu mzee hasikii maswali vizuri, ana sonona, amepungukiwa vitamini B12, tezi yake ya thairoidi imedhoofu, au anatumia dawa za usingizi. Mengi ya haya yanatibika, na inauma kuona mtu akibandikwa jina la ugonjwa usiopona kabla hata masikio yake hayajakaguliwa.

Wengine huamini kwamba kipimo ni kilekile kwa kila mtu. MoCA humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu, lakini alama hiyo ni kidogo mno kwa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Akiambiwa anakili mchemraba na kuchora saa, kinachopimwa kwa sehemu kubwa ni shule aliyoikosa. Ndiyo maana mpimaji makini humuuliza pia anayemfahamu mzee huyo kwa muda mrefu kama uwezo wake wa kuhesabu fedha, kumeza dawa kwa wakati au kufuata njia aliyoizoea umebadilika, maana mzee hulinganishwa kwanza na alivyokuwa yeye mwenyewe.

Kinyume chake, wapo wasemao kwamba kusahau ni uzee tu. Kuchelewa kukumbuka jina ni kawaida. Kupotea katika njia ya kila siku si kawaida. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura ya kitabibu, mara nyingi kutokana na maambukizi au dawa.

Kuhusu mahusiano, hudhaniwa kwamba anayeishi na watu wengi hawezi kuwa mpweke. Kutengwa ni uchache wa watu na mawasiliano, ilhali upweke ni hisia ya kukosa ukaribu anaouhitaji mtu. Kipimo cha Lubben chenye maswali sita huuliza kuhusu ndugu na marafiki: ni wangapi mzee huonana au kuwasiliana nao angalau mara moja kwa mwezi, wangapi anaweza kuwaeleza mambo yake ya siri, na wangapi anaweza kuwaomba msaada. Jumla ya alama iliyo chini ya 12 kati ya 30 huashiria hatari ya kutengwa. Upweke unahitaji maswali yake, na ningeshauri yaulizwe faraghani, kwa sababu si rahisi mzee kusema anajisikia mpweke mbele ya wanaomtunza.

Tena, kutengwa huongeza hatari ya dimensia, lakini nayo dimensia inayoanza humfanya mtu ajitenge kwa aibu ya kusahau majina. Mzee aliyeacha ghafla kuhudhuria mikusanyiko aliyoipenda anastahili kupimwa yote mawili, akili na mahusiano.