Pawa saplai ya stepa mota: yanayosemwa karakana na yaliyo kweli

Fundi wa milango Bagamoyo akijiundia mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga nakshi, pesa huishia kwenye stepa mota, yaani mota zinazozunguka hatua kwa hatua, na pawa saplai ya kuzilisha umeme huokotwa yoyote iliyopo. Mashine ikianza kazi inaruka hatua, ua la nakshi linahama milimita kadhaa, na ubao wa mninga umeharibika. Lawama humwangukia mota bure.

Dhana inayotesa wengi: "Mota imeandikwa volti 3, ampea 3, basi nitafute saplai ya volti 3."

Ukweli ni kwamba hizo volti 3 ni ampea 3 mara ukinzani wa koili, ohmu 1, mota ikiwa imesimama tu. Ikizunguka, indaktansi ya koili huchelewesha mkondo kupanda. Chukua mota ya hatua 200 kwa mzunguko, koili yenye indaktansi ya milihenri 3. Kwenye mizunguko 600 kwa dakika, kila hatua ina nusu milisekunde. Kwa volti 3, mkondo ukianzia sifuri haufiki hata nusu ampea ndani ya muda huo, kwa hiyo mota inakosa nguvu. Kwa volti 36 unafika ampea 3 kwa takriban robo milisekunde. Na hapo sijahesabu volti ambazo mota yenyewe huzalisha ikizunguka, zinazopingana na saplai. Volti ndizo zinazonunua mwendo.

"Sasa si itaungua?" Haiungui, kwa sababu draiva, kifaa kinachokaa kati ya saplai na mota, kama A4988 au DM542, huukata na kuurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, mkondo usipite kiwango ulichoseti. Mpaka wa volti unawekwa na draiva: A4988 inaishia 35, DM542 inaishia 50. Mafundi wana kanuni nyingine nzuri ya volti za juu kabisa: 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri za koili. Kwa milihenri 3 unapata kama volti 55. Usinunue saplai inayogusa mwisho wa draiva, maana mota ikipunguza mwendo ghafla hurudisha umeme na volti hupanda. Kwa DM542 mimi ningechukua 36 bila kusita. Saplai ya kompyuta chakavu, volti 12, haitoshi hata kuiwasha DM542 vizuri.

Wakitafuta ampea za saplai, wengine hujumlisha: mota 3 za ampea 3, basi ampea 9. Kwa kawaida theluthi mbili inatosha, yaani ampea 6, kwa kuwa draiva huchukua volti nyingi kwa mkondo mdogo na kuipa mota volti chache kwa mkondo mkubwa. Saplai ya volti 36, wati 350, inazimudu kwa nafasi. Na ampea zikizidi kwenye saplai hazidhuru mota, inachukua inachohitaji.

Mota kuwa ya moto hadi huwezi kuishika si ugonjwa. Gamba la nyuzi 70 au 80 ni kawaida. Likizidi, punguza kwanza mkondo kwenye draiva.

Kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi hula skrubu za vituo vya nyaya, na feni ya saplai huvuta vumbi la mbao. Ifungie kwenye boksi lenye kichujio, kaza skrubu mara kwa mara, na usichomoe waya wa mota draiva ikiwa imewashwa, hata kwa sekunde moja: huo ndio uuaji wa draiva ninaouona zaidi. Kabla ya kuwasha saplai mpya, chungulia pembeni kama ina swichi ndogo ya 115/230, uhakikishe iko 230.