Je, Wajua kwa Nini "Haleluya" ya Handel Hutofautiana Kutoka Rekodi Moja Hadi Nyingine?

Kila Pasaka inapokaribia, rekodi za "Haleluya" ya Handel huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanakwaya wa Tabora, na mara nyingi hazizunguki kwa amani. Mwimbaji wa Isevya hutuma rekodi ya kwaya ndogo ya Uingereza, mwenzake wa Cheyo humjibu kwa rekodi yenye orkestra kubwa na matoazi, na mpiga kinanda, akijaribu kuzifuatisha zote, hugundua kwamba ya kwanza iko chini ya kinanda chake kwa nusu toni, yaani hatua ya kibonyezo kimoja hadi kinachofuata, ilhali ya pili inalingana nacho sawasawa. Hapo ndipo ubishi unapoanza: faili limeharibika, au Wazungu hawa wameshuka sauti bila kujijua? Karatasi ya nota ni ileile, maneno ni yaleyale ya Kitabu cha Ufunuo, na mtunzi ni mmoja. Tofauti inatoka wapi?

Tuanze na kazi yenyewe. Handel, Mjerumani aliyehamia London, alitunga "Messiah", kazi ndefu ya waimbaji na orkestra, mwaka 1741 kwa siku 24 tu, kuanzia Agosti 22 hadi Septemba 14, na ikaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. "Haleluya" ndiyo inayofunga sehemu ya pili kati ya sehemu zake tatu. Aliiandika katika D, yaani nota ya D ndiyo makao ya wimbo, na sababu mojawapo ni tarumbeta: tarumbeta za zama hizo hazikuwa na vitufe vya kubonyeza, mpigaji alipata sauti zote kwa midomo na pumzi, na zile zilizotengenezwa kwa D zilikuwa ziking'ara kuliko nyingine. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya anapoandika juu ya karatasi kwamba Do ni D, anamfuata Handel mwenyewe.

Lakini D ya nani? Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalitarajii. Sauti ni mtetemo, na leo ala nyingi duniani hulinganishwa kwa kukubaliana kwamba nota ya A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda hutetema mara 440 kwa sekunde. Kipimo hicho ni kichanga. Kilipendekezwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939, na kabla ya hapo kila nchi, na wakati mwingine kila mji au kila kinanda cha kanisa, ilikuwa na A yake. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Uingereza ya karne hiyohiyo ilipanda hadi kupita 450 katika kumbi fulani, jambo lililowatesa waimbaji wa sauti ya kwanza. Na uma wa kulinganishia ala unaohusishwa na Handel hutoa A ya takribani 422. D ya "Haleluya" iliyosikika katika karne ya 18 haikuwa D ya kinanda cha umeme kilicho mbele ya mwanakwaya wa leo.

Katika karne ya 20 walijitokeza wanamuziki waliotaka kuzipiga kazi za kale kwa ala za kale: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, tarumbeta zisizo na vitufe, ngoma ndogo za ngozi. Kwa kuwa viwango vya kale vilikuwa vingi na vyenye kugongana, wengi wao walikubaliana kutumia A ya 415. Walichagua namba hiyo kwa sababu ya manufaa yake zaidi kuliko uhakika wa kihistoria, kwani 415 iko chini ya 440 kwa nusu toni kamili, na vinanda vya mtindo wa zamani viliweza kutengenezwa kwa namna ambayo safu ya vibonyezo husogezwa hatua moja ili kuhama kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Basi rekodi iliyo chini kwa nusu toni kamili, yenye fidla zisizotikisa sana sauti na tarumbeta zenye ukali mwembamba, haijaharibika hata kidogo. Mpiga kinanda anayetaka kuifuatisha hana haja ya kujifunza wimbo upya katika D bapa. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti, naye akishusha hatua moja ataendelea kubonyeza D kama kawaida, huku spika ikitoa sauti inayolingana na rekodi.

Inastahili kutajwa hapa kwamba waimbaji wenyewe mara nyingi hawaioni tofauti hii, na hawana kosa. Kwaya nyingi za Tanzania husoma sol-fa, mfumo ulioenezwa na Waingereza katika karne ya 19, ambamo Do haina makao ya kudumu: huwekwa popote, na sauti nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Mtu aliyezoea kusoma hivyo husikia mwendo kutoka Do kwenda So au kutoka Fa kurudi Mi, na mwendo huo haubadiliki Do ikiwa juu au chini kidogo. Anayebaini ni yule ambaye vidole vyake viko kwenye vibonyezo. Ndiyo maana katika ubishi wa namna hii mpiga kinanda hubaki peke yake upande mmoja, na kwa maoni yangu huwa anaonewa.

Hata hivyo, si kila rekodi iliyo chini au juu ni ya ala za kale. Santuri za zamani zilipaswa kuzunguka mara 78 kwa dakika, lakini katika miongo ya mwanzo mashine hazikufuata mwendo mmoja, na anayezihamishia kwenye kompyuta leo akikosea mwendo hukosea na sauti pia. Asilimia 6 ya mwendo ni karibu nusu toni. Dalili zipo. Rekodi ya 415 ina sauti safi ya kisasa na haifanani na orkestra ya kawaida, ilhali rekodi iliyochezwa polepole isivyostahili huwa na mikwaruzo ya santuri, na sauti za waimbaji huwa nzito kiasi cha kumfanya msopranо asikike kama alto. Ikiwa haiko nusu toni kamili bali imekaa katikati ya vibonyezo viwili, mshuku zaidi aliyeihamisha kuliko aliyeimba.

Baada ya kimo cha sauti huja idadi ya watu. Hesabu za malipo zilizobaki za onyesho la mwaka 1754 katika Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa mjini London, zinaonyesha kwamba waimbaji wa kwaya hawakufika 30. Kwaya ya parokia ya kawaida ya Tabora ingeweza kuwazidi. Karibu miaka 100 baadaye, katika tamasha la Handel la mwaka 1859 kwenye jengo la Crystal Palace, waliimba zaidi ya watu 2,000. Katikati yake, mwaka 1789, Mozart alikuwa amekwisha kuipanga upya kazi hiyo kwa ajili ya wasikilizaji wa Vienna, akiongeza filimbi, klarineti na ala nyingine ambazo Handel hakuziandika. Ladha zote mbili, ya kundi dogo na ya kundi kubwa, ziliingia kwenye rekodi. Ile ya mwongozaji wa orkestra Thomas Beecham ya mwaka 1959 ilipangwa na Eugene Goossens kwa orkestra kubwa, na matoazi yake ndiyo yanayowapendeza vijana. Ile ya mwongozaji mwingine, Christopher Hogwood, iliyotoka mwaka 1980 ilirudi kwenye toleo la 1754, kwa ala za kale na wavulana wakiimba sauti ya kwanza. Mimi nampa Hogwood kura yangu, kwa sababu katika rekodi yake kila sauti kati ya zile nne husikika ikiingia na kutoka. Lakini kura ikipigwa katika kwaya yoyote wiki ya Pasaka, nina hakika Beecham atashinda.

Mwendo nao una historia yake. Juu ya "Haleluya" Handel aliandika neno moja tu la Kiitaliano, "Allegro", yaani kwa uchangamfu, na hakuwa na namna ya kupima uchangamfu huo, kwani metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa dakika, kilipewa hataza na Maelzel mwaka 1815, Handel akiwa amekwisha kufariki zaidi ya nusu karne. Mtunzi Beethoven alikipokea kwa furaha na mwaka 1817 akachapisha namba za mapigo za simfonia zake nane za kwanza, zile kazi ndefu za orkestra, na za ile ya Tisa zikafuata baadaye, lakini hata namba hazikumaliza ubishi: wapo viongozi wa orkestra wanaozifuata na kuimaliza Simfonia ya Tisa kwa takribani saa moja, na wapo, kama Wilhelm Furtwängler alipoiongoza Bayreuth mwaka 1951, waliotumia zaidi ya dakika 70.

Mfano wa wazi kuliko wote ni wa mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould. Alirekodi "Goldberg Variations" za Bach mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 22, akazimaliza kwa dakika 38 na nusu. Mwaka 1981, katika studio ileile ya New York, alizirekodi tena, zikachukua dakika 51. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kurudia vipande ambavyo awali hakuvirudia, lakini wimbo wa kufungulia pekee unatosha kuonyesha kwamba aliyeketi kwenye piano alikuwa na fikra nyingine: katika rekodi ya pili kila nota inasubiriwa.

Chumba na chombo huongeza lao. Mwaka 1913 mwongozaji Arthur Nikisch aliporekodi Simfonia ya Tano ya Beethoven na orkestra ya Berlin hapakuwa na maikrofoni. Wanamuziki walijibana mbele ya pembe iliyokusanya sauti na kuipeleka moja kwa moja kwenye sindano, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika chache tu, hivyo simfonia ilikatwa vipande vipande. Maikrofoni ziliingia mwaka 1925, na tangu hapo jengo lenyewe likaanza kusikika. Katika kanisa lenye mwangwi mrefu mwongozaji mwerevu hupunguza mwendo, maana sauti ya pigo lililopita bado inaelea hewani wakati jipya linaingia. Kwaya iliyoiga mwendo huo ikiwa ndani ya kanisa la bati lisilo na mwangwi huo itasikika kama imechoka, na kosa si lake.

Chombo cha mwisho ni simu. Spika yake ndogo karibu haitoi kabisa sauti za chini, na sikio hujaza pengo hilo kwa kukisia kutokana na sauti za juu zinazoambatana nazo, kwa hiyo waimbaji wa sauti ya nne wanaolalamika kwamba katika rekodi waliyotumiwa besi haipo wanasema kweli kuhusu simu na wanakosea kuhusu rekodi. Wakichomeka faili hilohilo kwenye spika kubwa ya kanisani, wataikuta besi yao pale inapoingia na "naye atatawala", peke yake, kabla ya sauti nyingine kuifuata.